Fensi ya chuma juu ya slabu ambayo ishamwagwa: vile mie nafanya hapa Mombasa

Nianze na makosa yangu. Fensi yangu ya kwanza niliweka Kisauni, juu ya slabu (sakafu ya zege) ya mbele ya nyumba, fundi akatoboa mashimo sentimita nne hivi kutoka ukingoni, akatia rolboti (bolti za kupanuka), akakaza mpaka spana ikalia. Tukapiga picha, tukanywa soda. Asubuhi yake nikaona ufa mwembamba kwenye nguzo ya kona, nikajiambia ni kikwaruzo tu. Kusi ilipoanza kuvuma ile nguzo ikawa inacheza kama jino la mtoto, na mwaka wa pili kona nzima ya zege ikabanduka na bolti zake ndani. Fensi yenyewe huku juu ilikua bado mpya kabisa, rangi inang'aa!

Tangu hapo nikitaka kujua fensi ya mtu itakaa miaka mingapi siangalii mapambo, nainama naangalia miguu. Pale chuma kinapokutana na zege ndipo fensi inapokufa, na hapa kwetu inakufa haraka zaidi manake hewa ya bahari ina chumvi, na hiyo chumvi inapenda sana kujificha chini ya pleti (kile kibao cha chuma cha chini ya nguzo) na kwenye nati. Kwa hivo mwongozo huu utakaa sana huko chini, huko juu tutapita mbio.

Kwanza ijue slabu yako

Chukua nyundo ugongegonge mstari wote ambao fensi itapita. Pahali pazuri panatoa sauti kavu, ngumu. Pakilia dobo dobo kama ngoma, chini yake kuna uwazi au ile simiti ya juu imeachana na ya chini, hapo usiweke nguzo.

Alafu toboa shimo la majaribio, biti ya milimita 10, pahali ambapo hapataonekana. Ukitoboa mpaka drili ikadidimia ghafla ujue umetokea upande wa pili, ingiza waya uliokunjwa ncha kama ndoano, uvute ushike chini ya zege, weka alama ya kidole, toa upime. Mie nataka angalau sentimita 10, na nikipata 12 nafurahi. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu ile sakafu ya uani unayoiona ngumu hivo ni simiti ya sentimita tano imepigwa juu ya kifusi cha mawe ya matumbawe, hiyo inabeba watu na viti, haibebi nguzo inayosukumwa na upepo.

Angalia pia rangi ya vumbi na vipande vinavyotoka. Ukiona vipande vya kaa na makombe ya bahari ndani ya zege, basi aliyejenga alitumia mchanga wa ufukweni, na hilo zege lina chumvi yake mwenyewe tangu siku lilipomwagwa. Bado utaweza kuweka fensi, ila hapo bolti za bei rahisi usiguse kabisa.

Kitu kingine ambacho watu husahau ni kujua chini ya slabu kuna nini. Nyumba zetu nyingi zina tangi la maji la chini au shimo la choo, na juu yake kumemwagwa slabu hiyo hiyo moja ukaona uani ni mmoja tu. Kifuniko cha tangi hakitobolewi. Na juu ya shimo la choo sio kutotoboa tu, hata kuchomea usichomee karibu na mfuniko wake, ile gesi ya mle ndani inashika moto na cheche ya welda haihitaji nafasi kubwa. Uliza wazee wa nyumba, tafuta mfuniko, fuata bomba kutoka chooni linaelekea wapi. Paipu za maji na waya wa taa za geti pia hupitishwa ndani ya slabu, kwa hivo zima umeme wa upande huo ukitoboa.

Ukikuta slabu ni nyembamba usilie. Kata miraba ya sentimita 30 kwa 30 na grainda pale nguzo zitakapokaa, chimba sentimita 50 au 60 kwenda chini, na hapo simamisha nguzo kwenye zege jipya la moja kwa mbili kwa nne (karai moja simiti, mbili mchanga, nne kokoto). Ni kazi zaidi lakini ni fensi ya kweli. Na tafadhali koroga kwa maji matamu. Visima vyetu vingi ni vya maji chumvi, na mafundi huvuta tu maji ya kisima manake yako karibu, yale maji yanaenda kula nondo na nguzo kutoka ndani ambako hutaona mpaka zege lipasuke. Nunua mitungi kadhaa ya maji matamu, haitakufilisi.

Mpaka na ruhusa, hapa nitapita haraka. Ukingo wa slabu sio mpaka wa ploti, mpaka ni bikoni, zile alama za mpaka zilizowekwa ardhini, kwa hivo zitafute kabla hujamkasirisha jirani. Mombasa pia tuna hii mambo yetu ya nyumba ya mtu na ardhi ya mwingine, kama ndio hali yako ongea na mwenye ardhi kwanza, fensi ndio kitu kinachowashtua zaidi. Uliza ofisi ya mipango ya kaunti kuhusu kibali kabla hujaanza, na ukiwa Mji wa Kale huko ni eneo la uhifadhi, watu wa Makumbusho ya Taifa lazima waulizwe, usije ukabandika vyuma mbele ya baraza ya miaka mia ukaambiwa ung'oe.

Mabati au vyuma vya kusimama?

Watu wanataka mabati yaliyofungwa kabisa ili wasionekane ndani. Naelewa. Lakini juu ya slabu, fensi ya mabati ni tanga la jahazi. Fanya hesabu hii: kipande cha upana wa mita 2 na urefu wa mita 1.7, upepo wa kilomita 90 kwa saa ukigonga uso kwa uso unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 130, na hiyo ni hesabu ya chini. Sasa ule msukumo uko katikati ya fensi, karibu mita moja kutoka chini, na kule chini unazuiliwa na pleti ya sentimita 15. Ukipiga hesabu ya wenzo, zile bolti mbili za upande wa upepo zinavutwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 900 zikiwa pamoja. Kilo mia tisa! Kwenye zege la sentimita kumi! Ndio maana nasema tumia vyuma vya kusimama vyenye nafasi, upepo upite zake. Ukitaka sitara panda maua ya kutambaa kidogo kidogo, ingawa ukiyaacha yakafunika fensi yote umerudi pale pale kwenye tanga.

Hesabu ya vyuma

Nitumie mfano wa mstari wa mita 12. Nguzo kila mita 2 inakupa nafasi sita, na nguzo ni SABA, sio sita, hili kosa nimeona likifanywa na watu wazima wenye kikokotoo mkononi. Kila nguzo bolti nne, kwa hivo bolti 28, nunua 32.

Nguzo mie natumia skwea tyubu ya milimita 50 kwa 50 geji 14, ambayo ni unene wa kama milimita 2. Hadwea watakusukumia geji 16 na hata 18, kumbuka namba ikipanda chuma kinakua chembamba. Geji 16 kwa vyuma vya kulala sawa, kwa nguzo hapana.

Tyubu zinauzwa urefu wa mita 6 lakini pima kabla hujalipa, zingine ni 5.8 na ndio hapo hesabu inaharibika. Nguzo za mita 1.7 zinatoka tatu kwa tyubu moja, kwa hivo tyubu tatu zinatosha na unabaki na ya ziada. Vyuma vya kulala, viwili kila nafasi, vya 40 kwa 40, kila kimoja mita 1.95 (toa upana wa nguzo), jumla 12. Tyubu ya mita 6 kamili inatoa vitatu, kwa hivo tyubu nne. Ya 5.8 inatoa viwili tu na unarudi dukani na bodaboda.

Vyuma vya kusimama, natumia vya mraba vya milimita 16. Nafasi kati yao isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite, na hili usilegeze hata kama fundi anakwambia unapoteza vyuma. Kwa upana wa mita 1.95 vyuma 17 vinakupa nafasi ya sentimita 9.3. Jumla vyuma 102. Sasa hapa kuna ujanja kidogo: ukikata vya mita 1.6, chuma cha mita 6 kinatoa vitatu na kipande kinachobaki cha zaidi ya mita unaenda kukitupa, unahitaji vyuma 34. Ukikata mita 1.48 vinatoka vinne, unahitaji 26. Vyuma vinane umeokoa kwa kupunguza sentimita 12 ambazo hakuna mwizi atakayezigundua. Na 1.48 ukijumlisha vyuma viwili vya kulala na nafasi ya sentimita 8 chini inakuja mita 1.64, ambayo inakaa vizuri kwenye nguzo ya 1.7.

Ile nafasi ya chini usiipunguze sana. Majani, mchanga na maji ya mvua vinahitaji pa kutokea, chuma kinacholala kwenye takataka zenye unyevu kimeshaanza safari ya kuoza.

Bolti: hapa toa pesa

Rolboti za kawaida, zile zinazopanuka ndani ya shimo ukikaza, ni nzuri katikati ya slabu nene. Tatizo lake zinasukuma zege kwa pembeni, na ukiwa karibu na ukingo zege halina pa kuegemea, linapasuka, kama langu la Kisauni. Ukitumia hizo kaa mbali na ukingo angalau mara kumi ya unene wa bolti, yaani bolti ya milimita 12 iwe sentimita 12 kutoka ukingoni mpaka katikati ya shimo. Na rolboti ile ya koti nene ya 12 inataka shimo la milimita 20, sio 12, usinunue biti kabla hujashika bolti mkononi.

Fensi lakini mara nyingi inataka kukaa ukingoni, kwa hivo mie siku hizi natumia bolti za kemikali: fimbo ya chuma yenye uzi wa kukazia nati, ya milimita 12, shimo la milimita 14, na ile gundi ya tyubu inayotoka na bunduki yake. Haisukumi zege, inashikana nalo. Nazama sentimita 8 kwenye slabu ya sentimita 12, nisitokee upande wa pili. Hapa napo sipendi kukaribia ukingo zaidi ya sentimita 6 au 7, gundi haifanyi miujiza.

Kuhusu chuma cha bolti. Zile zinazong'aa fedha au manjano pale kaunta zimepakwa zinki nyembamba sana, Nairobi huko labda zitakaa, hapa Nyali au Bamburi au Likoni karibu na maji zitaanza kutoa machozi ya kutu kabla ya masika ya pili. Chukua zilizozamishwa kwenye zinki ya moto, zinaonekana kijivu, kavu, mbaya mbaya kwa macho, ndizo hizo. Mfuko ukiruhusu chukua stenlesi, na uulize namba, 316 ndio ya bahari, 304 itapata madoa ya kahawia. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye pleti kubwa ya chuma haina shida sana, kinyume chake ndio balaa, bolti ndogo ya chuma cha kawaida kwenye kitu kikubwa cha stenlesi italiwa haraka ajabu. Weka washa ya plastiki ngumu katikati vitu hivyo visigusane na umelala usingizi.

Kazi ya gereji

Pleti ni 150 kwa 150, unene milimita 8, mashimo manne ya milimita 14, katikati ya shimo iwe sentimita 2.5 kutoka ukingo wa pleti. Mwambie fundi atoboe pleti zote akiwa amezibana pamoja ili zifanane, alafu ndio achomee nguzo. Achomee pande zote nne mzunguko mzima, sio nukta nukta. Nukta zinaacha upenyo na maji ya chumvi yanaingia.

Nguzo juu ifungwe na kifuniko cha chuma. Na chini kwenye nguzo, juu tu ya pleti, toboa kitundu cha milimita 8 upande wa ndani. Mafundi wengi watakucheka. Maji huingia ndani ya tyubu hata ukifunga vipi, jasho tu la usiku linatosha, yasipopata pa kutokea yanakaa mle chini na kuila nguzo kutoka tumboni.

Kama umenunua tyubu za galvanaizi, zinki lazima isagwe na grainda pale pa kuchomea, sentimita mbili tatu kila upande. Ule moshi mweupe wa zinki unaleta homa, mtu anatetemeka jioni kama ana malaria. Mafundi huamini ukinywa maziwa kabla umejikinga, maziwa yanaenda tumboni na moshi unaenda kwenye mapafu. Fanyia kazi nje, simama upande upepo unapotoka, vaa maski ya kweli. Ukimaliza kuchomea gonga gamba lote, piga msasa wa waya, upake rangi ya zinki siku hiyo hiyo. Usiseme kesho.

Siku ya kutoboa

Vuta uzi kutoka nguzo ya mwanzo mpaka ya mwisho. Kona ipime kwa tatu nne tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari ukisoma mita 5 kona iko skwea. Weka pleti yenyewe chini kama kipimo, chora mashimo kwa penseli, alafu endelea na nguzo zote kabla hujatoboa hata moja, manake ukichora ndio unagundua nguzo ya nne imeangukia juu ya ufa ama mfuniko wa bomba, na saa hiyo bado unaweza kuzisogeza zote kidogo zikagawana.

Toboa na drili yenye nyundo, mkono wima, zungusha utepe kwenye biti kuonyesha kina. Ukigonga chuma cha ndani ya zege utasikia sauti inabadilika na biti inakataa kwenda, usilazimishe na usikate ile nondo, sogeza pleti nzima au izungushe kidogo, na shimo la zamani lizibe na mota (simiti na mchanga) ngumu. Vaa maski, vumbi la zege sio vumbi la kawaida, na miwani.

Sasa kusafisha shimo. Hapa ndio bolti za kemikali zinaposhindwa na watu wanailaumu gundi. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi na vumbi halijashika kitu. Puliza mara mbili na pampu (sio mdomo, utapata vumbi la macho na mate yako shimoni), piga burashi ya waya ya mviringo mara mbili, puliza tena mara mbili. Mie huwa naongeza raundi nzima kwa wasiwasi. Shimo liwe kavu pia, mvua ikinyesha jana subiri, isipokua kama tyubu yako imeandikwa inakubali unyevu.

Finya gundi ya kwanza uitupe mpaka rangi iwe moja, ikitoka na mistari miwili haijachanganyika. Ingiza mdomo wa tyubu mpaka chini kabisa, jaza ukirudi juu, theluthi mbili za shimo, alafu sukuma bolti ukiizungusha polepole mpaka gundi kidogo itokeze juu. Isipotokeza hukujaza vya kutosha. Jua letu linaharakisha hii kitu, ukifanya saa saba mchana una dakika chache tu za kurekebisha, kwa hivo anza saa moja asubuhi na uhifadhi tyubu kivulini. Muda wa kungoja ikauke umeandikwa kwenye tyubu, ufuate, na katika huo muda hakuna kugusa, hakuna kuegemea, na watoto wa jirani wapelekwe kwao.

Kusimamisha

Slabu nyingi zimeinamishwa ili maji yatoke, kwa hivo ukikaza pleti moja kwa moja juu ya zege nguzo zote zitalala kufuata slabu. Dawa ni nati mbili kwenye kila bolti: moja chini ya pleti, moja juu. Ile ya chini ndio unapanda na kushuka nayo mpaka pima maji ikubali pande mbili za nguzo. Acha uwazi wa sentimita moja na nusu au mbili chini ya pleti. Simamisha nguzo za mwisho mbili kwanza, vuta uzi juu ya vichwa vyao, za katikati zifuate uzi. Usipime kila nguzo kutoka chini, slabu itakudanganya.

Alafu jaza ule uwazi na mota kavu, simiti moja mchanga wa mto mbili, maji kidogo tu, ukiifinya mkononi ishikane lakini isitiririke. Isukume kutoka upande mmoja na kijiti mpaka itokee upande wa pili, ndio unajua hakuna shimo katikati. Kando ilaze mteremko kwenda nje, maji yasituame. Watu wanaruka hii hatua wakisema bolti zimeshika, ndio zimeshika, lakini nguzo imesimama kwa vijiti vinne na chini yake kuna pango la chumvi. Imwagilie maji matamu siku tatu, kaza nati za juu baada ya hapo.

Vipande vya fensi

Hii sasa ni raha. Tengeneza kibao cha mbao cha milimita 93, kiwe kipimo chako kati ya chuma na chuma, fundi asitumie tepu kila mara, atachoka na nafasi zitaanza kutofautiana. Kamilisha kipande kikiwa kimelala chini, gusa kidogo kidogo kila chuma kwanza, pima mishazari miwili iwe sawa, alafu ndio achomee kamili, akiruka ruka huku na kule ili joto lisikipinde.

Kushikanisha na nguzo una njia mbili, kuchomea hapo hapo au kutumia vibano vya bolti. Mie napenda bolti, siku gari la jirani likirudi nyuma vibaya unabadilisha kipande kimoja tu. Ukichomea, kaa mbali na pleti za chini, joto linashuka kwenye bolti na gundi ile ikichemka imekwisha kazi yake. Na grainda usiishike kwa mkono mmoja ukiwa umevaa kandambili, nimeona, sitaki kusimulia.

Rangi

Chuma kikilala nje usiku mmoja tu hapa, kimeshapata chumvi hata kama huioni. Kioshe na maji matamu, kikauke, futa mafuta na thina, piga msasa wa waya. Chuma cheusi (kisicho na zinki): redi oksaidi mara mbili, alafu rangi ya mafuta mara mbili, na ile ya kwanza ipake kwa burashi sio kwa bomba la kupulizia, burashi inaingia kwenye pembe za kuchomea. Chuma cha galvanaizi ni hadithi nyingine, ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki itabanduka kama ngozi ya ndizi ndani ya mwaka, lazima praima maalum ya galvanaizi kwanza.

Paka asubuhi umande ukishakauka, uwe umemaliza kabla upepo wa bahari wa mchana haujachangamka. Januari na Februari, kaskazi ikiwa kavu, ndio miezi yangu. Kichwa cha kila bolti na nati kipakwe kivyake, kitone kikubwa, na pale mota inapokutana na pleti piga mstari wa silikoni.

Geti na baada ya hapo

Geti lisitundikwe kwenye nguzo ya slabu. Fensi inasukumwa mara moja moja, geti linavuta siku nzima, kila kufungua na kufunga. Nguzo za geti zichimbiwe kwenye ardhi, tyubu ya 75 au 100, sentimita 60 chini kwenye zege, hata kama itabidi ukate slabu. Tumejaribu kuokoa hapo, mimi na shemeji yangu, geti lilianza kuburuza chini baada ya miezi mitatu na sasa linafunguliwa kwa kuinuliwa na goti.

Baada ya wiki mbili zunguka na spana, shika kila nati, na tikisa kila nguzo kwa mikono miwili. Kila baada ya miezi michache osha fensi na maji matamu, hasa upande unaotazama bahari na hasa kule chini kwenye pleti. Masika yakiisha chukua kiti kidogo, kaa chini uani, angalia kila mguu: kama kuna mstari wa kahawia unatoka chini ya pleti, kwangua mota ya pande hiyo, safisha, paka zinki, ziba upya. Ni kazi ya nusu saa kwa nguzo moja ukiiwahi, na kopo la rangi lililobaki andika tarehe juu yake uliweke mahali ambapo mama watoto hatalitumia kupaka vyungu vya maua.